Pikapu Hii ni ya Mwaka Gani?

Mtu akikuambia pikapu yake ni ya 2011, anaweza kuwa anataja mwaka ilipotoka kiwandani, au mwaka iliposajiliwa mara ya kwanza huko ilikotoka, au mwaka ilipopewa namba hapa nyumbani. Mara nyingi hataji hata mmoja kati ya hiyo, anataja sura. Ameona taa za namna fulani na shoo ya namna fulani, akakumbuka kwamba zenye sura hiyo zilianza kuonekana barabarani mwaka huo, akaridhika. Miaka hiyo minne inaweza kupishana sana kwenye gari moja, na kila mmoja una mtu anayeuhitaji. Mamlaka ya Mapato Tanzania inapokokotoa kodi ya gari lililotumika huuliza mwaka wa kutengenezwa, aina ya bodi na ujazo wa injini. Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka minane. Muuza spea yeye anataka kujua ni pampu ipi na nozeli zipi, na mwaka ulioandikwa kwenye kadi haumsaidii kitu kama haulingani na chuma kilichosimama mbele ya duka lake.

Pikapu inasumbua kuliko gari dogo kwa sababu mbili. Kwanza inaishi muda mrefu, na katika maisha hayo hugongwa, hupakwa rangi upya, hubadilishwa injini. Pili, imeundwa kwa vipande vinavyoachana: chini kuna chasisi inayosimama yenyewe, juu yake kebini imefungwa kwa bolti zenye mipira, na nyuma bodi ya mizigo imefungwa kivyake. Fundi mwenye winchi na vijana wawili anaweza kuinua kebini nzima ya gari moja na kuikalisha juu ya chasisi ya jingine. Kwa hiyo si kila pikapu ina umri mmoja. Nyingine zina umri wa chasisi, umri wa kebini na umri wa uso, na hakuna aliyedanganya. Ni ajali na matengenezo ya miaka mingi.

Ndiyo maana orodha za alama zinazosambazwa, kwamba ya mwaka huu ina taa hizi na ya mwaka ule ina bampa ile, hazitoshi. Zinaeleza gari lilivyotoka kiwandani, hazielezi lilivyofika kwako. Kipimo kinachofaa ni kingine. Mbele ya kila alama jiulize: ingemgharimu mtu kiasi gani kuibadilisha? Taa na shoo hubadilishwa kabla ya chakula cha mchana. Boneti na madigadi huchukua siku moja au mbili pamoja na rangi. Dashibodi ni kazi ya wiki na kichwa kinauma. Umbali kati ya ekseli, aina ya springi za mbele na namba iliyogongwa kwenye chasisi ni vitu ambavyo karibu hakuna mtu anayevigusa bila sababu kubwa. Alama zikigombana, ile iliyo ghali kubadilisha ndiyo ya kuaminiwa.

Toyota Hilux ndiyo mfano unaofaa kuliko yote kwa kanda yetu. Ya kwanza ilitoka Japani mwezi Machi 1968, ikiundwa na kiwanda cha Hino. Kizazi cha pili kilikuja 1972, cha tatu 1978, cha nne 1983, cha tano 1988, cha sita 1997, cha saba kilizinduliwa Thailand 2004 na kusambaa kwingine 2005, cha nane 2015. Vizazi viwili vya mwanzo ni nadra siku hizi, na atakayekutana navyo hatahitaji uchambuzi, atahitaji mtu wa makumbusho. Cha tatu ndicho kilicholeta Hilux ya kuvuta tairi zote nne, mwaka 1979. Kilianza na taa za duara na kuishia na za mstatili. Kuanzia cha nne mwili unakuwa wa kona kali, kisha cha tano kinalainishwa, cha sita kinalainishwa zaidi, na cha saba kinavimba ghafla hadi urefu wa karibu mita 5.26 kwa dabo kebini.

Majina ya Thailand yamewasaidia watu wa kwetu kuliko namba za vizazi. Huko cha sita kiliitwa Tiger, cha saba Vigo, cha nane Revo, na majina hayo yaliingia na magari hadi yakawa lugha ya gereji. Muulize dalali kizazi cha Hilux atakushangaa. Mwambie Vigo au Revo mtaelewana mara moja. Lakini jina la kizazi si mwaka. Vigo ilikaa sokoni muongo mzima, na ndani ya muongo huo ilibadilishwa sura mara mbili, 2008 na 2011.

Kuna tahadhari moja hapa ambayo wengi huiruka. Mwaka wa mabadiliko huwa na miili miwili. Revo ilizinduliwa Bangkok na Sydney siku moja, tarehe 21 Mei 2015, lakini viwanda vya nchi nyingine viliendelea kutoa Vigo kwa miezi kadhaa baada ya hapo. Hilux ya 2015 inaweza kuwa hii au ile na zote zikawa halali kabisa. Hali ni hiyo kwa 2005: Afrika Kusini ilikuwa bado inamalizia kizazi cha sita wakati Thailand imeshazoea cha saba. Anayesema "haiwezekani, 2015 ni Revo" amesoma tarehe ya uzinduzi akadhani ni tarehe ya kufunga mlango wa zamani. Tena modeli za kazi, zile singo kebini zenye bampa jeusi na siti za plastiki, huchelewa kupewa sura mpya. Kampuni hulipamba kwanza gari la bei kubwa, na la shamba hufuata baadaye.

Sasa tuje kwenye Vigo yenyewe, maana hapo ndipo utata ulipojaa. Mabadiliko ya 2008 yalikuwa madogo, shoo na bampa. Ya 2011 yalikuwa makubwa: kila kitu kuanzia nguzo ya kioo cha mbele kwenda mbele kilichorwa upya. Taa zikawa kubwa, boneti ikabadilika, madigadi yakabadilika, na ndani sehemu ya katikati ya dashibodi ikafanywa mpya. Milango, paa na mgongo wa kebini vikabaki. Uamuzi huo wa kiwanda, kubadilisha mbele na kuacha nyuma, ulifungua biashara. Kama milango ni ileile na nguzo ni zilezile, basi uso wa 2011 unakaa juu ya mwili wa 2005 bila kukata chuma. Thailand kuna wauzaji wa seti kamili za kugeuza Vigo ya zamani ionekane mpya, na wakaenda mbali zaidi wakatengeneza seti za kuivalisha Vigo uso wa Revo. Ford Ranger nayo ina seti zake za kuifanya ionekane kama toleo lake la Raptor. Zinauzwa wazi, zina bei, zina picha za kabla na baada, na mwenye gari hana kosa lolote kupendezesha mali yake. Kosa linaanza pale uso unapogeuka kuwa mwaka kwenye mdomo wa muuzaji.

Chukua Vigo nyeupe yenye uso wa 2012, iliyooshwa ikang'aa, imeegeshwa kwenye yadi. "Mzee, hii ya 2012, namba D, chuma kabisa," anasema dalali. Fungua mlango wa dereva uangalie dashibodi kabla ya kuangalia kitu kingine. Kama uso ni wa 2012 na katikati ya dashibodi ni ya kabla ya 2011, umeshapata jibu la kwanza. Kisha vuta mkanda wa dereva hadi mwisho, chini kabisa karibu na sakafu, utakuta kitambaa kidogo kilichoshonwa; mara nyingi kina mwezi na mwaka mkanda ulipotengenezwa. Fanya hivyo kwa mikanda yote. Halafu fungua boneti, tafuta vipande vikubwa vya plastiki, mgongo wa taa, boksi la chujio la hewa, na uangalie upande usioonekana. Kwenye plastiki iliyomiminwa kuna kiduara kilichochongwa chenye namba 1 mpaka 12 kuzunguka, mshale unaoelekea mwezi mmojawapo, na tarakimu mbili za mwaka katikati. Kiduara chenye 06 katikati na mshale kwenye 9 kinamaanisha kipande hicho kilitoka kwenye umbo lake Septemba 2006.

Tarehe hizi ndogo zina nguvu kwa sababu ya jambo moja lisilopingika: kipande halisi cha kiwandani hakiwezi kuzaliwa baada ya gari kilimofungwa. Kinaweza kulitangulia kwa wiki au miezi kadhaa, hakiwezi kulifuata. Kwa hiyo mikanda minne, boksi la hewa na plastiki za milango zikisema 2006, na taa peke yake ikasema 2013, taa ndiyo mgeni. Na kama kadi inasema 2011 huku vipande kumi vya asili vinasema 2006, huhitaji kubishana na mtu; kadi ndiyo inayotakiwa kujieleza. Vioo pia vina alama, lakini ni ushahidi dhaifu kidogo. Watengenezaji wengi huweka tarakimu ya mwisho tu ya mwaka pamoja na nukta za mwezi, hivyo 6 inaweza kuwa 2006 au 2016 na lazima ujue kwanza ni kizazi gani. Halafu kioo cha mbele ndicho kitu cha kwanza kupasuka kwenye barabara ya kokoto. Linganisha vyote: vioo vya milango na cha nyuma vikikubaliana na cha mbele kikapinga, kilipasuka. Hilo halipunguzi umri wala haliongezi.

Kibati cha utambulisho kinafuata. Kwenye Hilux nyingi za zamani kiko ukutani nyuma ya injini, kwenye za karibuni kiko kwenye nguzo ya mlango. Watu hukitazama kama mapambo, na bahati mbaya wengine hukipaka rangi. Kina maneno mengi kuliko muuzaji. Msimbo wa modeli unaanza na herufi za injini: L kwa dizeli ya zamani isiyo na kompyuta, KU kwa familia ya KD ya Vigo, GU kwa familia ya GD ya Revo, RZ au TG kwa petroli. N inayofuata ni ya Hilux. Namba zinazofuata zinatenganisha kizazi na mvuto wa tairi. LN85 ni ya tairi mbili na LN106 ni ya tairi nne, zote za kizazi cha tano. LN145 na LN166 ni ndugu wa namna hiyo katika kizazi cha sita. KUN25 ni Vigo ya lita 2.5 ya tairi nne, KUN26 ni ya lita 3.0. GUN125 ni Revo ya lita 2.4, GUN126 ya 2.8, zote za tairi nne. Herufi R baada ya namba ni usukani wa kulia, L wa kushoto. Baada ya kistari, herufi ya kwanza inataja kebini: T ni singo, C ni ekstra, P ni dabo. Mtu mwenye kibati kinachosomeka ana nusu ya historia ya gari kwenye kiganja.

Kibati kinaumbua hata mambo ambayo hukuyauliza. Msimbo wa rangi wa 040 ni ule weupe maarufu wa Toyota. Gari jeupe lenye kibati cha msimbo wa rangi isiyo nyeupe lilipakwa upya, na mwenye gari anapaswa kueleza kwa nini. Kibati kinachosema KUN25 juu ya injini ya 5L kinasema injini ilibadilishwa. Jambo hili si geni kwetu. Wapo mafundi wanaong'oa 2KD au 1KD na kuweka 5L au 3L kukwepa gharama za nozeli za umeme. Mimi sioni aibu katika hilo kwa gari linalofanya kazi porini ambako mashine ya kupimia haipo. Lakini spea zake zitakuwa za vizazi viwili, na anayenunua lazima aambiwe.

Kibati kinakaa kwenye kebini, na kebini tumeshasema inaweza kuhama. Namba ya chasisi yenyewe imegongwa kwenye mkono wa kulia wa chasisi, ndani ya nafasi ya tairi la mbele. Nenda na brashi ya waya, tambara na tochi, geuza tairi lipishe mwanga, sugua tope na kutu taratibu. Herufi za kiwandani zimekaa kwenye mstari mmoja, zina kina kinacholingana, na chuma kinachozizunguka kina uso uleule wa sehemu nyingine ya chasisi. Ukiona sehemu imesagwa ikawa laini kuliko jirani zake, au mshono wa welding umezunguka kipande chenye namba, simama hapo hapo. Namba hiyo ndiyo utambulisho wa gari kisheria. Kama haikubaliani na kibati au na kadi, mambo mengine yote uliyokagua hayana tena maana.

Watu wengi wamesikia kwamba nafasi ya kumi katika namba yenye tarakimu na herufi 17 inataja mwaka. Kwa magari ya Marekani na Kanada ni kweli: A ni 1980 na tena 2010, B ni 1981 na 2011, na kuendelea, mzunguko ukijirudia kila miaka 30. Tena mwaka wenyewe huko ni mwaka wa modeli ambao kampuni inautangaza, na gari la modeli ya 2012 linaweza kuwa limeundwa miezi ya mwisho ya 2011. Kanuni hiyo imehamishwa kimakosa kuja kwenye pikapu zetu. Hilux nyingi za Thailand na Afrika Kusini zina sifuri katika nafasi ya kumi, na sifuri haimo kwenye orodha ya misimbo ya mwaka. Nimeona watu wakijaribu kuifanya sifuri hiyo kuwa 2000 au 2010. Si hivyo, haisemi chochote. Zilizouzwa ndani ya Japani hazina hata hiyo namba yenye tarakimu na herufi 17. Zina msimbo wa modeli, kistari, na namba ya mfululizo. Kwa zote hizo tarehe hupatikana kwenye katalogi ya spea ya kampuni, ambako namba ya chasisi inaonyesha mwezi wa kutengenezwa. Muuza spea makini anayo, na dakika zake tano zina thamani kuliko saa nzima ya mabishano yadini.

Alama za mwanzo za namba hiyo yenye tarakimu na herufi 17, kwa upande mwingine, ni za kuaminika na zinasahaulika. JT ni Japani. MR0 ni Toyota ya Thailand. AHT ni Toyota ya Afrika Kusini, kiwanda cha Durban. Unganisha hilo na jambo jingine la historia: Hilux iliondolewa kwenye soko la Japani mwaka 2004, kizazi cha saba hakikuuzwa huko, na ilirudi Septemba 2017 tu, tena ikiletwa kutoka Thailand. Kwa hiyo Vigo ambayo muuzaji anasema ilikuwa ya mzee mmoja wa Yokohama tangu mpya ina maswali ya kujibu kabla hata hujafungua mlango. Vigo zenye usukani wa kulia zilizotumika nje zilitoka Thailand, Afrika Kusini, Uingereza, Australia na nchi za aina hiyo. Kila chimbuko lina desturi zake: ya Uingereza imekula chumvi ya barabara za baridi, na kutu yake iko chini mahali ambapo rangi mpya haifiki.

Namba za usajili nazo zimefanywa kipimo cha umri. Tanzania tunasema namba C, namba D, namba E. Kenya wanasoma herufi zinazofuata K. Ni ushahidi mzuri wa jambo moja, siku gari lilipoandikishwa nchini, na hausemi lolote zaidi. Namba D inaweza kukaa juu ya gari la miaka kumi kabla yake. Hata hivyo bei mtaani hufuata herufi hiyo kuliko inavyofuata chuma, na nadhani hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopoteza fedha, kwa sababu wanalipia ugeni wa gari nchini wakidhani wanalipia ugeni wake duniani.

Aina ya bodi inaonekana swali rahisi, maana milango inahesabika. Lakini kinachofaa kueleweka ni jinsi kebini inavyokula bodi. Vigo na Revo nyingi zina umbali uleule kati ya ekseli, milimita 3,085, iwe singo, ekstra au dabo kebini. Urefu wa chini haubadiliki, kwa hiyo kila sentimita anayopewa abiria inatoka kwenye mzigo. Singo ya Revo ina bodi ya karibu mita 2.3, ekstra mita 1.8, dabo mita 1.5 na kidogo. Mfanyabiashara wa magunia aliyezoea singo akinunua dabo kwa heshima ya familia, amepoteza theluthi ya bodi na huenda hajaligundua mpaka siku ya kwanza ya kupakia mahindi. Ekstra kebini, ambayo kwetu haijapendwa sana, inapendwa sana Thailand, ambako kodi ya pikapu hutegemea kebini na dabo hutozwa zaidi. Ya kizazi cha nane ina vilango vidogo vya nyuma vinavyofunguka kinyume, ambavyo havifunguki mpaka mlango wa mbele uwe wazi.

Kimo cha gari kinapotosha kuliko milango. Thailand hutengeneza Hilux iliyoinuliwa kama ya tairi nne lakini inavuta kwa tairi za nyuma tu, na huko ina soko kubwa. Imesimama juu, ina matairi makubwa, ina kila dalili ya kupanda milima ya Usambara wakati wa masika. Piga magoti utazame katikati ya tairi za mbele: kama hakuna difu wala shafti zinazokwenda kwenye tairi, hiyo ni ya tairi mbili. Msimbo unakubaliana: KUN15 na KUN16 ni za tairi mbili, KUN25 na KUN26 za nne. Stika ya 4x4 ubavuni inauzwa barabarani.

Kuna pia miili iliyogeuzwa, singo kuwa dabo au kinyume chake. Hapo herufi ya kebini kwenye kibati ndiyo shahidi wa kwanza, kisha chuma chenyewe. Tazama ndani ya fremu za milango ya nyuma ukiwa umeondoa mipira yake: alama za kiwandani za welding ni vidoti vya duara vilivyopangwa kwa umbali unaolingana, wakati mshono wa gereji ni mstari mrefu uliosagwa na kuzibwa kwa pati. Pitisha kiganja kwenye dari kutoka mbele kwenda nyuma. Paa la kiwandani ni bati moja.

Pikapu za kampuni nyingine zinaweza kupitiwa haraka, kwa kuwa kipimo ni kilekile. Mitsubishi L200 ya 2005 haifichiki: mahali kebini inapokutana na bodi pamepinda kama ndoana, na mpindo huo uko kwenye bati la kebini lenyewe, si kwenye kitu cha kubandika. Isuzu D-Max ilianza 2002, ikabadilishwa mwili 2011 na tena 2019. Nyingi za Kenya zimeunganishwa Nairobi na kampuni ambayo tangu 2017 inaitwa Isuzu East Africa. Magari yanayounganishwa hapa kwetu yana tabia moja ya kukumbuka: vipande vilifungwa kwenye makasha huko vilikotoka, vikasafiri, vikasubiri, ndipo gari likazaliwa. Tarehe za plastiki zake zinaweza kuitangulia tarehe ya gari kwa muda mrefu kuliko kawaida bila udanganyifu wowote. Ford Ranger ina miaka miwili ya mabadiliko ya mwili ya kushika, 2011 na 2022.

Land Cruiser ya mfululizo wa 70 inahitaji macho mengine kabisa, kwa kuwa iko tangu mwishoni mwa 1984 na kwa mtu asiyeizoea zote ni gari moja. Uso wake umewahi kurudi nyuma. Pikapu zake zilikuwa na taa za duara mpaka 2007, mwaka huo zikapewa uso mpana wenye taa zilizopinda kuelekea ubavuni ili injini ya V8 ipate nafasi, kisha Agosti 2023 Toyota ikatangaza sura mpya yenye taa za duara tena. Mtu akisema "ya taa za duara" ametaja miaka ya themanini na miaka hii kwa pumzi moja. Injini haisaidii sana, kwa sababu 1HZ, dizeli ya silinda sita ya lita 4.2, ilianza 1990 na imeendelea kufungwa muda mrefu kuliko karibu injini yoyote tunayoifahamu.

Kinachosaidia ni tairi. Hesabu nati. HZJ75, ya 1990 hadi 1999, ina nati sita kwa kila tairi na springi za mbele ni vipande bapa vilivyobebana. HZJ79 iliyoifuata 1999 ina nati tano, springi za mbele ni za mduara, na umbali kati ya ekseli umeongezeka kutoka milimita 2,980 hadi 3,180. Sentimita ishirini hizo zilikwenda kwa faida ya mzigo na miguu ya dereva. Kubadilisha nati sita kuwa tano ni kubadilisha ekseli, na kubadilisha springi bapa kuwa za mduara ni kukata na kuchomelea chasisi upya. Hapo hakuna anayejaribu kudanganya kwa sababu ya urembo; gharama yake ingemeza faida yote. Dabo kebini ya 79 ya kiwandani ilikuja 2012. Dabo yoyote ya kabla ya hapo ilijengwa na fundi, vizuri au vibaya.

Na mafundi wa kujenga wapo, wenye sifa zao. Arusha na Nairobi kuna karakana zinazochukua Land Cruiser, zinarefusha chasisi, zinajenga kebini ya watalii yenye madirisha makubwa na paa la kuinuka. Hiyo ni kazi ya ustadi mkubwa na inafanyika mbele ya macho ya kila mtu. Lakini gari linalotoka hapo lina miaka ambayo kadi moja haiwezi kuibeba yote: chasisi na injini vinaweza kuwa vya 2001, bodi ya watalii ya 2016, uso wa mbele wa baada ya 2007 uliopachikwa ili lisionekane limechoka, na aina ya bodi ambayo kiwanda hakikuwahi kuitoa. Likija kuuzwa, mwaka wa chasisi ndio unaoamua spea, na mwaka wa bodi ndio unaoamua kutu, mivujo ya paa na uimara wa viungo. Mnunuzi aulize yote miwili, aombe jina la karakana na tarehe ya kazi kwa maandishi, kisha alale chini ya gari atazame pale chasisi iliporefushwa: kama chuma kimeunganishwa kwa kukatwa mshazari na kuwekewa bamba la kuimarisha ndani, au kimekatwa wima na kuchomelewa tu juu juu.